Erithraiti: jiwe la waridi ambalo robo yake ni maji

Aliyepitia maabara ya kemia ya sekondari anaikumbuka karatasi ya kobalti kloridi. Ikiwa kavu ni ya buluu. Idondoshee tone moja la maji na rangi inahama palepale, inakuwa ya waridi. Tuliambiwa hicho ni kipimo cha kutambua maji, tukanukuu daftarini, kengele ikalia. Miaka mingi baadaye nilikutana na jiwe lililonirudisha kwenye meza ile ya maabara. Linafanya mambo yaleyale ya karatasi, ila limeumbwa na ardhi yenyewe, na ndani yake limebeba sumu.

Jiwe hilo ni erithraiti. Kikemia ni aseneti ya kobalti, yaani kobalti iliyoshikana na aseniki (ndiyo ile sumu) na oksijeni, iliyofungamana na maji: atomi tatu za kobalti, mafungu mawili ya aseneti na molekuli nane za maji, yaani Co₃(AsO₄)₂·8H₂O. Ukipiga hesabu ya uzito, kobalti inachukua asilimia 29.5, aseniki asilimia 25, maji asilimia 24, na kinachobaki ni oksijeni ya aseneti. Tuseme una gramu 100 za jiwe hili safi. Humo mna gramu 24 za maji, kama vijiko vitano vya chai. Mkononi ni kavu kabisa, halilowanishi kiganja, lakini maji yamo.

Ninachotaka ni kuyafuata hayo maji. Rangi ya erithraiti, ulaini wake, namna inavyozaliwa na sababu ya kuwa adimu, vyote vinaeleweka ukijua maji yalipita wapi na yakakaa wapi. Vitabu vingi huanza na orodha ya sifa, ugumu kiasi hiki, uzito kiasi hiki, msomaji akamaliza bila kujua kwa nini. Sifa zitakuja, lakini kwanza tumjue mzazi.

Mzazi wa kijivu

Erithraiti haitoki kwenye uji wa moto wa volkano, wala haikandamizwi na milima hadi ikawa jiwe. Ni madini ya upili, yaani yanazaliwa pale madini mengine yanapovunjika. Mzazi wake mara nyingi ni skuterudaiti, jiwe lililopewa jina la kijiji cha Skuterud nchini Norwe, lenye atomi tatu za aseniki kwa kila atomi moja ya kobalti. Wapo wazazi wengine, kama kobaltaiti, ambayo ndani yake kobalti imeshikana na aseniki pamoja na salfa.

Mawe haya ya kizazi cha kwanza huumbika chini sana, mahali maji ya moto yenye metali yanapopenya nyufa za mwamba na kuacha mizigo yao. Huko hakuna hewa. Skuterudaiti ni nzito, ina rangi ya fedha iliyofifia, na inameta kama bati jipya. Ukiiona hutaamini kwamba mtoto wake ni wa waridi.

Mambo hubadilika mwamba wa juu unapoliwa na mvua na upepo kwa mamilioni ya miaka, mpaka ule mshipa uliokuwa kilindini ukajikuta karibu na uso wa ardhi. Maji ya mvua yanapenya, na hayaji peke yake, yanakuja na oksijeni iliyoyeyuka ndani yake. Hapo linaanza jambo tunalolijua sote kwa jina la kutu. Bati la paa likipata maji na hewa linatoa kutu ya kahawia. Jiwe la kobalti na aseniki likipata maji na hewa linatoa kutu ya waridi.

Ndani ya skuterudaiti, aseniki ndiyo iliyoshika elektroni. Mwanakemia ataiandikia chaji ya hasi moja. Oksijeni inapofika inazidai elektroni zile, na aseniki inazitoa mpaka inafika chanya tano. Ni elektroni sita kwa kila atomi, na bakteria wa ardhini huharakisha malipo hayo kwa sababu wao huishi kwa nishati inayotoka humo. Aseniki iliyonyang'anywa hivyo hujizungushia oksijeni nne. Zipange oksijeni tatu kama mafiga, ya nne iwe juu yake kama chungu, na aseniki ikae katikati, pale panapokaa moto. Umbo hilo ndilo aseneti.

Wakati huohuo kobalti nayo imeachiwa, inaelea majini ikiwa imezungukwa na molekuli sita za maji. Maji hayo yana waridi hafifu. Kobalti ikikutana na aseneti katika maji yasiyo na asidi nyingi, haziwezi kuendelea kuyeyuka pamoja. Zinashikana, zinajichotea molekuli nane za maji, na jiwe linaanza kuota.

Sasa ipo hesabu ambayo watu wengi huiruka, na mimi naiona ndiyo tamu kuliko zote. Chukua skuterudaiti tatu: zina kobalti tatu na aseniki tisa. Erithraiti moja inahitaji kobalti tatu na aseniki mbili tu. Aseniki saba zimebaki. Zimekwenda wapi?

Jibu linategemea mwamba wa jirani. Penye chuma, aseniki inashikwa na chuma na kuwa skorodaiti ya kijani kibichi au kijivu. Penye kalsiamu, inashikana na kalsiamu na kutoa sindano nyeupe za farmakolaiti. Kalsiamu na kobalti zikiingia pamoja, hutokea rozelaiti, jiwe jingine la waridi lenye maji machache zaidi. Nyingine haishikwi na chochote, inaondoka na maji. Kwa hiyo unapoliona ua la waridi kwenye mwamba, ujue umeona sehemu ndogo tu ya aseniki iliyofunguliwa pale. Iliyobaki imo kwenye mawe ya pembeni yasiyovutia macho, au imeshateremka bondeni.

Kuna sharti jingine. Kuvunjika kwa madini ya namna hii, hasa yenye salfa, hutengeneza asidi, na erithraiti huyeyuka kwenye asidi. Iweke kwenye asidi ya haidrokloriki, nayo itayeyuka na kuacha maji ya waridi. Ili isizaliwe na kufa siku hiyohiyo, lazima pawe na kitu cha kuizima asidi, na kazi hiyo hufanywa na kalsaiti na dolomaiti, ndugu wa chokaa, ambazo mara nyingi huandamana na mishipa ya kobalti. Kobalti yenyewe si nyingi katika ukoko wa dunia, ni kama gramu 25 kwa kila tani ya mwamba, na aseniki ni gramu moja au mbili tu. Zikusanywe zote mbili mahali pamoja, zifike karibu na uso, zipate maji yenye hewa, asidi izimwe, na nafasi iwepo ya fuwele kukua. Ndiyo maana utando mwembamba wa waridi umeonekana katika migodi ya nchi nyingi, lakini fuwele nzuri, zenye urefu wa sentimita moja au zaidi, zinatoka mahali pachache sana duniani.

Tofauti ya utando na fuwele ni tofauti ya haraka na subira. Wanaovuna chumvi pwani wanalijua hili: maji yakikaushwa kwa pupa yanaacha unga, yakiachwa polepole yanaacha punje kubwa. Pale mmenyuko unapokwenda mbio juu ya jiwe lililo wazi, erithraiti inatoka kama vumbi la waridi lililopakwa kwa kidole. Ndani ya tundu la mwamba, maji yakichuruzika kidogokidogo, zinaota sindano na vipande bapa vilivyotawanyika kutoka kitovu kimoja kama miali. Wala haihitaji enzi na enzi. Katika migodi ya zamani utando wa waridi umeota kwenye kuta zilizochongwa na wachimbaji wenyewe. Ukuta uliofunguliwa na mtu ni mlango mpya wa hewa, na jiwe halina habari nani kaufungua.

Ndani ya fuwele

Kipande kilicho mbele yangu ninapoandika ni kidogo, kama punje ya kunde, juu ya mwamba mweupe. Kwa macho ni doa jekundu. Chini ya kioo cha kukuzia kinakuwa kichaka cha bapa ndogondogo zenye rangi ya damu ya mzee pale zilipokuwa nene, na waridi ya ndani ya kombe la baharini pale zilipokuwa nyembamba. Ukikigeuza taratibu, uso mmoja unatoa mng'ao wa lulu, kisha unapotea.

Mng'ao ule ni kazi ya maji. Kila atomi ya kobalti humu ndani ina majirani sita. Moja katika kila kobalti tatu imezungukwa na maji manne na oksijeni mbili za aseneti. Zile mbili nyingine zinakaa pamoja, zimeshikana ubavu, kila moja ikiwa na maji mawili na oksijeni nne. Jumlisha: manne, mawili, mawili. Ndiyo yale maji nane ya kwenye fomula, na hakuna hata moja linalozurura bila kazi. Kobalti na aseneti zimefungana kwa nguvu na kufanya tabaka, na maji yametokeza nje ya tabaka pande zote mbili. Kati ya tabaka na tabaka hakuna kinachoshika isipokuwa mvutano mwepesi wa haidrojeni, ule unaofanya matone ya maji yashikamane.

Fikiria chapati ya kusukuma iliyopikwa na mtu anayejua. Ukiivuta kwa upande inakataa, ukiichambua tabaka kwa tabaka inaachia bila ubishi. Erithraiti ni hivyohivyo. Inapasuka vizuri kabisa upande mmoja, vipande vyembamba vinapindika bila kukatika, na mwanga unaoingia kati ya tabaka ndio unaorudi na ule mng'ao wa lulu. Kwenye kipimo cha Mohs ugumu wake ni kati ya 1.5 na 2.5, kwa hiyo ukucha unaweza kuikwaruza. Si jiwe la kutengeneza pete. Uzito wake ni kama mara tatu ya maji ya ujazo uleule, mwepesi ukiulinganisha na mzazi wake, ambaye anafika karibu mara sita na nusu.

Na rangi? Kobalti yenye majirani sita hunyonya sehemu ya kijani ya mwanga na kuacha nyekundu na zambarau zipite. Macho yetu yanaita mchanganyiko huo waridi. Ukiondoa maji kwa joto, kobalti inapoteza majirani na kujipanga upya, mwanga inaonyonya unabadilika, na rangi inaelekea buluu. Ndiyo karatasi ya maabara! Hata unga mkavu wa erithraiti, ukisagwa, unaonekana na rangi ya zambarau-buluu ambayo jiwe zima halina. Naomba asitokee mtu wa kujaribu kulichoma jiwe hili jikoni ili aone. Likizidishiwa joto linaweza kutoa moshi wa aseniki, na moshi huo unaua.

Buluu hii tunaijua watu wa pwani kwa njia nyingine. Makaburi ya kale ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, yalijengwa yakiwa na nguzo zilizopachikwa mabakuli ya kauri ya Kichina, na katika magofu ya Gedi karibu na Malindi vimefukuliwa vipande vya kauri ya buluu na nyeupe. Buluu ya kauri hizo ni kobalti. Katika karne ya 14 wafinyanzi wa Jingdezhen, China, walitumia kobalti iliyoletwa kutoka upande wa Uajemi, ambako mafundi wa Kashan walikuwa tayari wanaichimba kwenye milima ya Qamsar. Ndani ya tanuru lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,200 hakuna maji yanayobaki. Kobalti inajikuta ndani ya kioo ikiwa na oksijeni nne tu kando yake, na kobalti yenye majirani wanne ni ya buluu kali. Bakuli la kaburini Kunduchi na doa la waridi mezani pangu vina atomi ya aina moja. Kilichovitenganisha ni maji.

Erithraiti ina ndugu ambao nao wanafundisha. Fremu yake ileile ikijazwa nikeli badala ya kobalti, tunapata anabergaiti ya kijani, iliyopewa jina la mji wa Annaberg, Ujerumani. Kobalti na nikeli hupokezana viti bila shida, kwa hiyo kuna mawe ya katikati ya kila kiwango. La kustaajabisha ni kwamba ukichanganya waridi ya kobalti na kijani cha nikeli hupati rangi ya tatu inayopendeza. Rangi hizo zinauana, unabaki na jiwe la kijivu au jeupe ambalo mtu anaweza kulitupa akidhani ni chokaa tu.

Ndugu mwingine ni vivianaiti, yenye chuma mahali pa kobalti na fosfeti mahali pa aseneti. Ikitolewa ardhini mara ya kwanza inaweza kuwa karibu haina rangi. Ikikaa kwenye mwanga na hewa inageuka kijani, kisha buluu, kisha nyeusi, maana chuma chake kinaendelea kutoa elektroni. Kobalti ndani ya erithraiti haina tabia hiyo. Imetulia, na rangi yake inadumu kabatini.

Lakini hebu turudi kwenye ile fosfeti. Fosfeti na aseneti zina umbo moja, yale mafiga na chungu, na ukubwa unaokaribiana. Ndiyo maana vivianaiti na erithraiti zinaweza kuwa na fremu moja: kiti ni kilekile, aliyekikalia ndiye tofauti. Mwili wa mwanadamu nao una viti vya fosfeti kila mahali, kwenye mifupa, kwenye chembe za urithi, na hasa kwenye molekuli zinazobeba nishati ya seli. Aseneti ikiingia mwilini inakaa kwenye kiti kisichokuwa chake, na kazi ya kutengeneza nishati inavurugika. Urembo wa fuwele na sumu ya jiwe vinatokana na ufanano mmoja.

Waliolijua kabla ya kemia

Wachimbaji wa Schneeberg, mashariki mwa Ujerumani, walikuwa wakitafuta fedha tangu karne ya 15. Mara kwa mara walikutana na jiwe la kijivu linalong'aa, wakalipeleka kwenye tanuru kwa matumaini, na fedha haikutoka. Ulitoka moshi ulionuka kama kitunguu saumu, uliowaumiza. Wakasema ni hila za Kobold, jini wa mashimoni, aliyeiba fedha na kuacha takataka mahali pake. Jina la jini likabaki kwenye jiwe. Katika miaka ya 1730 mwanakemia wa Uswidi, Georg Brandt, alionyesha kwamba ndani ya mawe hayo kuna metali isiyojulikana bado, na kwamba hiyo ndiyo inayokipa kioo rangi ya buluu. Metali ikarithi jina la jini.

Utando wa waridi juu ya mawe hayo Wajerumani waliuita ua la kobalti, na jina hilo wachimbaji wa lugha nyingi wanalo mpaka leo. Mwaka 1832 Mfaransa François Sulpice Beudant alilipa jiwe jina la kitaalamu kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyekundu. Mimi jina la wachimbaji nalipenda zaidi. Ua linakuambia kuna mti, na kweli chini ya ua la kobalti kuna mshipa.

Kanada walilielewa hilo vizuri. Mwaka 1903, reli ilipokuwa inajengwa kaskazini mwa Ontario, wafanyakazi waliokota mawe mazito yenye fedha kando ya ziwa. Mwanajiolojia wa jimbo, Willet Miller, alikwenda kuangalia, akaona fedha na akaona pia waridi juu ya miamba, akaupa mji uliokuwa unachipuka jina la Cobalt. Kule mishipa ya fedha imeandamana na madini ya kobalti na aseniki, hivyo mtafutaji aliyeona ua la waridi alikuwa na sababu ya kuchimba hapohapo. Migodi ikaja, ikastawi, ikafungwa. Vifusi vilivyosagwa viliachwa kwenye mabonde na maziwa, na aseniki imeendelea kutoka humo kuingia majini. Zile aseniki saba za kwenye hesabu yetu, hapo zina anwani. Erithraiti iliyoota ndani ya vifusi huishikilia aseniki kwa muda, lakini maji yakibadilika na kuwa na asidi zaidi huiachia tena.

Mahali panapotajwa kwanza leo kwa fuwele nzuri ni Bou Azzer, kwenye milima ya Anti-Atlas kusini mwa Moroko. Wenyeji walilijua jiwe la waridi kabla ya kampuni yoyote kufika, na walilitumia kama sumu ya panya. Walikuwa hawana fomula, lakini walikuwa wamekwisha kulielewa. Uchimbaji wa kobalti ulianza katika miaka ya 1930, na Bou Azzer bado ni mojawapo ya migodi michache sana duniani inayochimbwa kwa ajili ya kobalti yenyewe, siyo kama nyongeza ya shaba au nikeli. Miamba ya pale ni mabaki ya sakafu ya bahari ya kale iliyopandishwa juu ya bara, yenye magnesiamu tele, chuma, nikeli na kalsiamu kandokando. Mwamba wa mchanganyiko huo ukipata aseniki na maji unatoa ukoo mzima wa aseneti, baadhi zikiwa zimetambuliwa kwa mara ya kwanza hapohapo, kama irhtemaiti na arhbaraiti, zilizobeba majina ya mashimo ya pale.

Msomaji wa Kolwezi au Likasi atakuwa ameshajiuliza: na waridi yetu je? Kongo ndiyo inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na mawe ya waridi yanaonekana Katanga. Lakini hayo si erithraiti. Kobalti ya Katanga imeandamana na shaba na salfa, aseniki ni kidogo mno. Ikifika karibu na uso wa ardhi inageuka hasa kuwa heterojenaiti, lile jiwe jeusi ambalo wachimbaji wadogo wanalijua vizuri kuliko profesa yeyote. Penye dolomaiti, kobalti inajipenyeza kwenye kaboneti na kutoa kalsaiti na dolomaiti za waridi, nzuri mno. Kilembe, magharibi mwa Uganda, hadithi ni ya namna hiyo: kobalti imejificha ndani ya pairaiti, jiwe la chuma na salfa. Aseniki ikikosekana, mafiga hayajengwi, na ua la kobalti halioti.

Kuzitenganisha waridi hizi mbili si vigumu. Kalsaiti yenye kobalti inatoa mapovu ikidondoshewa asidi, na ukucha hauikwaruzi. Erithraiti haitoi mapovu, ukucha unaikwaruza, na ukiitazama kwa kioo utaona bapa au sindano zenye mng'ao wa lulu upande mmoja tu. Anayefanya majaribio haya avae glavu, asipulize vumbi, na ukucha autumie siku moja tu katika maisha yake, kisha anawe mikono kwa sabuni kabla hajashika chakula. Kuionja, kama wanavyofanya baadhi ya watu kutambua mawe ya chumvi, ni jambo la kutofanywa kabisa.

Kipande changu kinakaa ndani ya kisanduku cha plastiki chenye kifuniko, mbali na dirisha la jua la mchana, maana sitaki joto limnyang'anye hata molekuli moja kati ya zile nane. Juu ya kifuniko nimeandika jina lake, mahali kilipotoka, na chini yake neno SUMU kwa wino mwekundu, kwa sababu watoto wakiona waridi ile mkono hutangulia.